Chekechea inayomilikiwa na wazazi wenyewe: ilikotoka, inavyoendeshwa, na ufunguo akae nao nani (uzi mrefu)

MamaBaraka ameandika:

Habari za jioni wanajamvi. Nimeahidi kwenye nyuzi za watu mara mbili kwamba nitaeleza shule ya mwanangu inavyoendeshwa. Leo watoto wamelala mapema, naomba mnivumilie maana maelezo ni marefu.

Naishi kusini kidogo ya Seattle, Marekani, huu mwaka wa 9. Mwanangu wa pili ana miaka 4 na yuko chekechea. Shule yake haina mwenye shule. Si ya serikali, si ya kanisa, si ya mfanyabiashara. Wenye shule ni sisi wazazi, yaani ni chekechea ya ushirika. Tumemwajiri mwalimu mmoja aliyesomea kazi yake, na wasaidizi wake ni sisi kwa zamu. Zamu yangu ni Jumatano: naingia na mwanangu saa tatu asubuhi, tunatoka pamoja saa sita. Katikati hapo mimi si mama Baraka tu, ni mtu mzima wa watoto wote waliomo chumbani.

Siku yangu ya kwanza nilipangiwa meza ya rangi. Mtoto mmoja akachanganya rangi zote mpaka zikawa tope, akasugua karatasi na brashi hadi ikaanza kutoboka. Nilinyoosha mkono nimpe karatasi nyingine kabla ile haijaharibika. Mwalimu akaja nyuma yangu, akaninong'oneza nimwache, kwamba anachunguza karatasi inavumilia maji kiasi gani. Nikamtazama tena yule mtoto. Kweli, alikuwa anainamisha kichwa kuchungulia lile tundu likiongezeka. Mimi nimekuzwa kwenye darasa la vidudu la kuimba a-e-i-o-u na fimbo ukutani, na kwa miaka yote nilidhani mtoto akiharibu karatasi anaharibu karatasi. Dakika ile sikuisahau.

Sasa historia. Habari inayotajwa sana ni ya mwaka 1916, mtaa wa Chuo Kikuu cha Chicago. Wake 12 wa wahadhiri walianzisha chekechea ya pamoja, wakigawana zamu. Sababu zao zilikuwa tatu: watoto wao wapate wenzao wa kucheza nao na kujifunza kuishi na watu, wao wenyewe wajifunze malezi, na wapate saa chache za kufanya kazi ya Msalaba Mwekundu, maana Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa inawaka Ulaya. Hiyo sababu ya tatu naipenda kwa kuwa ni ya kweli. Walisema wazi kwamba mama naye anahitaji muda, hawakuificha nyuma ya maneno mazuri kuhusu watoto.

Wakati ule kulikuwa na aina mbili kuu za kumwacha mtoto mdogo. Tajiri alikuwa na yaya nyumbani. Maskini anayefanya kazi kiwandani alimpeleka mwanawe kwenye kituo cha hisani, na kule mzazi alipokelewa kama mtu wa kusaidiwa, hana neno la kusema. Wale wanawake walikataa zote mbili. Na hewa ya mtaa ule iliwasaidia: John Dewey alikuwa amefungua shule yake ya majaribio pale pale chuoni mwaka 1896, akifundisha kwamba mtoto hujifunza kwa kutenda, na kwamba shule yenyewe ni jamii ndogo, si chumba cha kujiandaa kwa maisha yatakayokuja baadaye.

Wazo likasambaa. Cambridge, Massachusetts, mwaka 1923. Berkeley, California, mwaka 1927, ambako alikuwepo mama mmoja aliyekuja kuwa mtetezi mkubwa wa shule hizi, Katharine Whiteside Taylor. Baadaye alifanya kazi huku Seattle, na huku vikundi vya wazazi viliunganishwa na elimu ya watu wazima. Ndiyo maana mpaka leo chekechea nyingi za aina hii jijini zimefungamana na vyuo vya jamii: ukimwandikisha mtoto, na wewe unaandikishwa chuoni kama mwanafunzi wa somo la malezi. Nina kitambulisho cha mwanafunzi kwa sababu mwanangu anacheza na mchanga! Mara moja kwa mwezi tunakutana usiku, mkufunzi wa chuo anafundisha: hasira za mtoto wa miaka 3, wivu kati ya ndugu, chakula, kifo cha babu na namna ya kumweleza mtoto. Kisha kwenye zamu tunayaona yale yale yakitokea mbele ya macho yetu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili zilichipua kwa wingi kwenye vitongoji vya Marekani na Kanada, na mwaka 1960 vyama vyao vikaunda baraza lao. Kuanzia miaka ya 1970 zikaanza kupungua, na sababu inajulikana: akina mama wengi waliingia kazini, na shule inayodai saa zako za asubuhi ikawa ngumu kwao.

Falsafa yenyewe mtu akiniomba niiseme kwa ufupi, nasema hivi: mchezo ndiyo kazi ya mtoto, na mzazi haji shuleni kama mteja. Mteja akichukizwa anahama. Mwenye mali akichukizwa anaitisha mkutano. Ukishamiliki kitu unakiangalia kwa jicho lingine. Najua bomba lipi linavuja, najua mtoto yupi anaogopa kelele za kikausha mikono, najua mwalimu wetu analipwa kiasi gani na kwamba ni kidogo kuliko anavyostahili, kwa sababu bajeti nimeipigia kura mimi. Kila familia kura moja, awe daktari au awe mfagizi kama nilivyokuwa mwaka ule naingia.

Na kwenye pete yangu ya funguo kuna ufunguo wa mlango wa shule. Huo ufunguo ndio sababu ya uzi huu. Nimesoma humu watu wakilalamika kuhusu shule za watoto wadogo nyumbani, ada inapanda kila Januari, mtoto wa miaka 3 ana mitihani na viatu vyeusi, mzazi anaishia getini. Nataka tuzungumze: mlango ule ungekuwa wetu ingekuwaje?

---

Kipepeo_Tabata ameandika:

Asante dada kwa kuandika. Mimi ni mmoja wa hao wanaoishia getini, kwa hiyo nimesoma neno kwa neno. Maswali yangu ni ya kawaida tu. Kwanza usalama, mtu baki anakaaje na mtoto wangu? Pili, mzazi akikosa zamu? Tatu, mzazi asiyejua kitu kuhusu watoto anafundisha nini?

---

MamaBaraka ameandika:

Kipepeo, hayo ndiyo maswali yenyewe.

Usalama: kabla ya zamu ya kwanza kila mtu mzima anakaguliwa rekodi yake ya polisi. Ndani ya shule hakuna mzazi anayempeleka chooni mtoto asiye wake, hiyo kazi ni ya mwalimu au mzazi wa mtoto husika. Na kila wakati mko watu wazima wanne au watano chumba kimoja, mnaonana. Mimi binafsi naona ni salama kuliko chumba chenye mlezi mmoja na mlango umefungwa.

Kufundisha: mzazi hafundishi, anasimamia kituo. Kuna meza ya rangi, kona ya vipande vya mbao vya kujengea, beseni la maji, unga uliokandwa na chumvi, kona ya nyumba ndogo yenye sufuria na nguo za kuigiza, na nje mchanga. Mwalimu ndiye anayepanga na anayetuelekeza, na mwisho wa siku tunakaa naye dakika 15 kuelezana tuliyoyaona. Tumefundishwa mambo machache ya kushika. Watoto wakigombania baiskeli, usiinyang'anye ukampa mwingine. Chuchumaa wawe sawa na macho yako, sema unachokiona, "Wote wawili mnaitaka", kisha subiri. Kusubiri ndiko kugumu. Mara nyingi wanapata suluhu ambayo mimi nisingeiwaza.

New Zealand wamekwenda mbali zaidi. Vituo vyao vinavyoitwa Playcentre vilianza Wellington mwaka 1941, waume wako vitani, wake wamebaki na watoto wadogo na upweke. Huko hawakutaka hata mwalimu wa kuajiriwa: wazazi wenyewe wanapitia mafunzo hatua kwa hatua na kuendesha kituo. Mwaka 1948 wakaunda shirikisho la nchi nzima, rais wake wa kwanza Gwen Somerset. Kwa hiyo mzazi asiyejua kitu ndiye hasa mtu waliyemtaka, ili ajue.

Zamu: hapa nina kovu. Mwaka wa kwanza nilikuwa nafanya usafi wa ofisi usiku, ratiba ikabadilishwa na mwajiri bila taarifa, nikakosa zamu tatu mfululizo. Kanuni ilisema faini. Kwenye mkutano mama mmoja alisema mbele ya wote kwamba kuna watu wanataka shule ya bei nafuu bila kutoa jasho. Nililia ndani ya gari. Nikaamua kumtoa mtoto. Mwalimu alinipigia simu usiku ule, hakunibembeleza, aliniambia tu kwamba kanuni ni za wanachama na mwanachama anaweza kuleta pendekezo. Mwezi uliofuata nikaleta: baba, bibi, shangazi au jirani aliyekaguliwa aruhusiwe kusimama zamu, mwenye kazi ya usiku apewe kazi za nyumbani, kama kufua mataulo, kutunza hesabu, kutengeneza viti. Ilipita kwa kura mbili tu zaidi. Leo Jumatatu kuna babu mmoja wa Kisomali anayesimamia kona ya mbao, na watoto wanamgombania.

---

Mkulima_Kibaigwa ameandika:

Dada yangu, naomba niseme bila kukuvunjia heshima. Shule iliyoanzishwa na wake wa wahadhiri wa Chicago ni ya wake wa wahadhiri. Hapa kwetu mama anaamka saa kumi alfajiri kuwahi gulioni, baba yuko shambani au safarini na lori. Ukimwambia aje kukaa na watoto meza ya rangi Jumatano asubuhi atakuona humjui. Kuwa na muda nako ni mali. Mfumo huu unawatoza maskini kile wasichokuwa nacho.

---

MamaBaraka ameandika:

Kaka, hujanivunjia heshima. Umesema jambo zito na kwa sehemu kubwa ni kweli: kwa miongo mingi shule hizi Marekani zilikuwa za weupe wenye kipato cha kati, ambao mke alibaki nyumbani. Sitalipamba.

Lakini nikueleze habari ya Mississippi, ambayo mimi naihesabu ndani ya historia hii hata kama vitabu vya wale wa vitongojini haviitaji. Mwaka 1964 serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya kupambana na umaskini, iliyotaka maskini wenyewe washiriki kadiri inavyowezekana katika kuendesha miradi yao. Majira ya joto ya 1965 ukaanza mpango wa Head Start kwa watoto wadogo. Mississippi, jimbo ambalo mtu mweusi kujiandikisha kupiga kura kulimgharimu kazi au maisha, lilianzishwa kundi lililoitwa Child Development Group of Mississippi. Kiangazi kile kundi hilo lilikuwa na vituo 84 na watoto wapatao 6,000, vingi makanisani na kwenye majengo waliyoyakarabati wenyewe. Walimu walikuwa nani? Akina mama wa pale pale, wengi wao walikuwa vibarua wa pamba au watumishi wa ndani kwenye nyumba za wazungu. Kamati za wazazi ndizo zilizoajiri na kupanga.

Tazama tofauti, kaka. Wale mama hawakuombwa watoe muda wao bure. Walilipwa, na mshahara ule haukutoka mfukoni mwa mwenye shamba, kwa hiyo hakuweza kuwatisha nao. Ndicho kilichowakera wakubwa. Seneta wa jimbo, John Stennis, akashambulia mpango ule tangu mwaka wa kwanza. Februari 1966 fedha zilipokwama, watoto 48 walisafirishwa hadi Washington na chumba cha kamati ya Bunge kikageuzwa darasa lao, na nyimbo na vitu vyao vya kuchezea, mbele ya wabunge. Fedha zilipatikana, kisha baadaye mwaka huo huo wakanyimwa tena. Vita ile ilihusu pesa, lakini ilihusu zaidi nani anashika ufunguo.

Kwa hiyo nakubaliana nawe kwamba usimtoze maskini muda wake bure. Ila usiseme maskini hawezi kumiliki. Mlipe zamu yake.

---

BintiLikoni ameandika:

Dada MamaBaraka, shikamoo kama wanizidi, na kama nakuzidi marahaba. Nimesoma nikasema hapa lazima niingie, kwani haya kwetu Pwani si mageni.

Mimi nimesoma chekechea ya madrasa. Si ile chuo ya kusoma Kurani peke yake, ni ile iliyounganisha Kurani na elimu ya watoto wadogo. Mpango ulianza Mombasa mwaka 1986 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, baada ya viongozi wa Waislamu wa Pwani kulalamika kwamba watoto wetu wanafika darasa la kwanza wakiwa nyuma na hawapati nafasi shule nzuri. Aliyeushika mkono ni Bi Swafiya Said, mwalimu aliyejulikana Mombasa nzima. Yeye alitembea mitaani akazungumza na wazazi na maimamu, akaeleza kwamba mtoto anaweza kufundishwa dini yake na kuchezeshwa vizuri chini ya paa moja. Mwaka 1990 ukaingia Zanzibar, na 1993 Uganda.

Sasa linalohusu uzi wako ni hili: shule hazikuwa za mpango. Zilikuwa za mtaa. Wenye mtaa walitoa uwanja au chumba, wakachagua kamati na wanawake wakawemo, wakachagua wasichana wao wenyewe waende kufunzwa ualimu, na wazazi wakalipa ada ndogo ya kumlipa mwalimu. Mpango ulileta mafunzo na ukaguzi, ukakaa nanyi miaka kama miwili, kisha shule ikahitimu na kusimama yenyewe. Fikirieni, shule nzima inahitimu!

Mamangu alikuwa kwenye kamati. Vitu vya kuchezea walivitengeneza wao. Vifuu vya nazi vilikuwa mizani na vikombe. Vifuniko vya chupa vilikuwa vya kuhesabia. Matambara yalishonwa yakawa vidoli. Ukili wa rangi tofauti ulikuwa wa kupanga mfuatano, na wazee waliokuwa wakisuka mikeka ndio waliotufundisha. Mwalimu alitukalisha duara asubuhi kila mmoja aseme leo atacheza wapi, na baada ya mchezo aseme amefanya nini. Mamangu aliposikia mara ya kwanza alishangaa mtoto wa miaka 4 kuulizwa mpango wake wa siku. Kisha akaanza kutuuliza nyumbani.

Kaka wa Kibaigwa, mamangu alikuwa akiuza viazi karai na bajia. Alienda kwenye mikutano ya kamati baada ya Asri na kikapu chake. Hakuwa mke wa mhadhiri.

---

Mjukuu_wa_Kibosho ameandika:

Mimi nina neno moja tu, "ushirika". Wenzangu wa Kilimanjaro watanielewa. Babu yangu alikuwa mwanachama wa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, kilichoandikishwa 1933. Kahawa ile ilimsomesha baba. Alijivunia kadi yake kuliko cheti cha ubatizo. Halafu mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, kazi zao wakapewa mamlaka za mazao na vijiji. Viliporudishwa kwa sheria ya 1982, babu alisema kadi ni ile ile lakini chama si chake tena, kimeletwa na watu wa ofisini. Hakuhudhuria mkutano hata mmoja mpaka anafariki.

Kwa hiyo ukisema kwetu "shule ya ushirika", wazee watauliza: ya ushirika ule wa kwanza au ule wa pili?

---

MamaBaraka ameandika:

Mjukuu, umenigusa. Sikuwa nimelifikiria neno lenyewe namna hiyo. Ya ule wa kwanza, ndugu yangu.

---

Mwalimu_Mstaafu_Machakos ameandika:

Nawasalimu nyote. Nimefundisha watoto wadogo na kusimamia walimu wao kwa muda mrefu, nami nataka kuweka upande wa pili wa mizani, maana huu uzi unaanza kuegemea.

Kenya tulijenga nasari kwa harambee. Baada ya uhuru 1963 wazazi walikusanyika chini ya mti, wakachanga mabati, mawe na shilingi, wakamtafuta msichana aliyemaliza darasa la saba wakamwita mwalimu. Nchi nzima ilifanya hivyo. Serikali ilikuja baadaye: mradi wa kuboresha elimu ya chekechea chini ya taasisi ya mitaala kuanzia 1971, kisha wizara ya elimu ikachukua jukumu mwaka 1980, kisha kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo, NACECE, mwaka 1984. Mafunzo yakawa mazuri. Lakini mshahara wa mwalimu ukaendelea kuwa mzigo wa wazazi. Mvua ikikosa kunyesha Ukambani, mwalimu halipwi. Nimewaona walimu wazuri sana wakikaa miezi minne bila kitu, wakiletewa debe la mahindi badala ya mshahara, na wakifika darasani kila siku. Wale wanawake walizeeka bila pensheni. Wazazi walikuwa wamiliki, sawa, lakini mmiliki maskini humwajiri mwalimu kimaskini. Katiba ya 2010 ilipoweka chekechea mikononi mwa kaunti, na kaunti zikaanza kuajiri, mimi nilishukuru.

Kwa hiyo MamaBaraka, ukiwapa serikali nafasi ya kusema "wazazi wanaweza wenyewe", hawatatoa shilingi. Hilo ndilo ninaloliogopa.

---

MamaBaraka ameandika:

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma ujumbe wako mara tatu kabla ya kujibu.

Hofu yako ina ushahidi hata Uingereza. Mwaka 1960 serikali yao ilitoa waraka wa kuzuia nafasi mpya za chekechea kwa sababu walimu walikuwa hawatoshi. Mwaka 1961 mama mmoja wa London, Belle Tutaev, akaandika barua kwenye gazeti la The Guardian akiwaita wazazi waanzishe vikundi vyao huku wakiidai serikali. Barua zikamiminika, na 1962 chama kikaundwa. Vikundi vikaenea kwenye kumbi za makanisa nchi nzima. Lakini kilichoanza kama njia ya kuibana serikali kwa miaka mingi kikawa kisingizio chake cha kukaa kimya. Akina mama walifanya kazi, bajeti ikapumzika. Kwa hiyo siwezi kukubishia hapo.

Ila kuna mji uliokataa kuchagua kati ya hayo mawili, nao ni Reggio Emilia, Italia. Vita ilipokwisha, masika ya 1945, wanakijiji cha Villa Cella karibu na mji ule waliamua kujenga chekechea kwa fedha za kuuza mabaki ya jeshi la Wajerumani lililokimbia: kifaru kimoja, malori na farasi. Mkulima alitoa kiwanja. Matofali waliyatoa kwenye nyumba zilizobomolewa, wakayasafisha moja moja, wakijenga usiku na Jumapili. Mwalimu kijana wa shule ya msingi, Loris Malaguzzi, alisikia habari ile akapanda baiskeli kwenda kuona kama ni kweli. Alikuta ni kweli, akabaki na kazi ile mpaka alipofariki mwaka 1994. Shule nyingine za wazazi zikafuata, hasa kwa nguvu za chama cha wanawake.

Lakini wazazi wale hawakukaa wakijisifu kwa kujitegemea. Waliubana mji wao. Mwaka 1963 manispaa ikafungua chekechea yake ya kwanza, na 1967 zile za wazazi zikaingia chini ya manispaa. Mishahara ikatoka hazina ya mji. Na wazazi hawakurudishwa getini: kila shule ilibaki na baraza la wazazi, walimu na wakazi. Leo walimu wa dunia nzima wanakwenda kujifunza pale, wakisifu rangi, udongo wa mfinyanzi na mwanga wa madirisha. Mimi nikisoma habari zao natafuta lile baraza.

Huo ndio msimamo wangu, Mwalimu, na sitauficha: mshahara utoke hazina ya umma, kamili, na pensheni juu. Ufunguo ubaki kwa wazazi. Serikali ikileta pesa ikaondoka na ufunguo, inatokea alichokisema Mjukuu kuhusu babu yake. Ikituachia ufunguo bila pesa, inatokea ulichokiona wewe Ukambani.

---

Mwalimu_Mstaafu_Machakos ameandika:

Marahaba binti yangu. Hapo kwenye pensheni tumeelewana.

---

Kipepeo_Tabata ameandika:

Nirudi kwenye vitendo. Kuanzia 2016 hapa Tanzania shule ya msingi ya serikali hatulipi ada, na darasa la awali lipo, lakini hilo ni la mwaka mmoja kabla ya la kwanza, na karibu na kwetu watoto wamejaa mpaka wanakaa chini. Wa miaka 3 na 4 hawana pa kwenda isipokuwa za kulipia. Kwenye mtaa wetu tuko kaya 7 zenye watoto wa umri huo. Kuna mama mmoja alikuwa mwalimu wa awali, kwa sasa anauza nguo za mtumba. Kuna chumba cha mbele kwa mzee mmoja kimekaa bure tangu mpangaji ahame. Mngekuwa mimi mngeanza na nini?

---

MamaBaraka ameandika:

Msianze na chumba, anzeni na mkutano. Andikeni kwenye daftari: nani mwanachama, kura moja kwa kaya, mwalimu atalipwa kiasi gani na tarehe ngapi. Mshahara wa mwalimu uwe mstari wa kwanza wa bajeti, kabla ya viti na kabla ya rangi ya ukuta. Kisha zamu. Akina baba waandikwe kwa majina yao, siyo "familia ya fulani", maana ikiandikwa familia ataishia kuwa mama. Asubuhi tatu kwa wiki zinatosha kuanzia.

Halafu kabla hamjapokea mtoto hata mmoja, nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa manispaa. Vituo vya kulelea watoto mchana vinasajiliwa chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, muulizeni masharti ya choo, uzio na idadi ya watoto kwa mlezi. Msikwepe hilo. Siku mtoto akianguka mtataka karatasi zenu ziwe sawa.

Vya kuchezea muulizeni BintiLikoni.

---

BintiLikoni ameandika:

Vifuu, Kipepeo. Anza kukusanya vifuu leo, uvisugue kwa mchanga mpaka viwe laini visimchome mtoto. Na beseni la maji. Mtoto wa miaka 3 na beseni la maji hamalizi asubuhi.

---

Mkulima_Kibaigwa ameandika:

Nami nimewaza. Gulio letu lina banda la halmashauri ambalo siku zisizo za mnada halina mtu. Na siku za mnada ndipo watoto wanazagaa chini ya meza za mama zao kwenye vumbi. Labda kwetu zamu isiwe ya asubuhi ya Jumatano. Iwe siku ya mnada, akina mama wachange wamlipe mmoja wao abaki nao, wapokezane. Hiyo nitaipeleka kwa mwenyekiti wa soko, nione atasemaje.

---

Kipepeo_Tabata ameandika:

Nimeongea na yule mwalimu wa mtumba leo jioni. Kitu cha kwanza ameuliza ni kama kweli atalipwa tarehe ile ile kila mwezi. Nikamwambia imeandikwa mstari wa kwanza. Tunakutana Jumapili saa kumi, baada ya wa kanisani kurudi, kwenye baraza la yule mzee. Kaya 5 zimekubali, 2 zinasubiri kuona. Baba wawili wamejiandika kwa majina yao. Jumatatu naenda manispaa, nitarudi hapa na masharti ya afisa ustawi.